Mkataba wa Bi Zuwena

Jumatano.

Ni mimi niliyembana mwenye nyumba ya wageni mpaka akakubali kutupa sisi wafanyakazi mikataba ya maandishi. Nilijiona nimeshinda.

Leo imekuja, yote ya mwaka mmoja. Bi Zuwena, aliyetupikia hapa miaka kumi na tisa, alitaka nimsomee wake.

"Mwanangu, kabla ya karatasi hii kazi yangu ilikuwa na mwisho?"

"Haikuwa nao."

"Na sasa inao. Ndiyo haki uliyonigombania?"

Nilianza kumweleza kwamba sheria... nikaurudia mkataba kuusoma. Asiposaini, huenda akafukuzwa. Akisaini, mwakani huenda asirudishwe.

"Nnakuuliza wewe msomi: nitie saini nisitie?"

Mimi, nisiyekosa jibu, nilimwomba anisubiri mpaka kesho. Alikubali, akaondoka na mkataba wake, na kalamu yangu.