Mzazi wa Banda la Nne

Jumatatu, 1 Juni
Saa mbili na nusu, banda la nne. Nguchiro wote nje, wanaota jua. Bustani ya wanyama haijafunguliwa. Vitoto vitatu shimoni, nasikia sauti zao.

Saa nne wageni wakaingia. Nguchiro wakapotea.

Wageni si wabaya. Wanagonga tu wavu. "Hodi jirani! Toka basi tukuone!" Mara nyingi hodi ikipigwa, mama yao anambeba mtoto mdomoni, anamhamishia shimo jingine. Halafu jingine. Naandika: hodi kumi na moja, kuhama mara saba.

Alhamisi, 4 Juni
Mtoto mmoja amekufa. Mzee Salum, anayewalisha, kamkuta juani katikati ya banda. Mama alimdondosha akikimbia kelele. Nimelia chooni. Nina shahada ya wanyamapori, na nilikuwa palepale, nahesabu.

Nimetundika kibao: USIGONGE WAVU.

Jumamosi, 6 Juni
Watu wengi. Wanasoma kibao kwa sauti, kisha wanagonga waone kitatokea nini.

Mzee Salum: "Sista, wengine walikuwa hawana hata wazo. Umewafundisha."

Nilikasirika. Kwa sababu ni kweli. Wawili waliobaki hawatafika wiki ijayo.

Jumapili, 7 Juni
Mwananyamala, kwa dada Rehema. Amejifungua majuzi; ni mzazi, bado yuko ndani. Mama mkwe wake kakaa mlangoni. Majirani wanavua viatu mbali, wananong'ona. Hata fundi wa kuchomelea mageti jirani kazima mashine. Hakuna aliyeandika kibao.

Nimekosa usingizi kwa furaha.

Jumanne, 9 Juni
Kibao kipya: NDANI KUNA MZAZI.

Basi. Mama mmoja wa Vingunguti, sauti ya sokoni, alikuwa ameshainua mkono agonge. Akasoma. Mkono ukashuka. Akawavuta wanawe nyuma.

"Shii! Mzazi kapumzika."

Kisha akaliinamia shimo, taratibu: "Hongera mwaya."

Mzee Salum alicheka mpaka akashika ukuta. Mie sikucheka.

Jumatano, 17 Juni
Vitoto viwili vimetoka. Wageni sita mbele ya wavu, kimya. Mama hakumbeba yeyote.

Nikabofya kalamu. Akainua kichwa. Macho yakawapita wale sita, yakatua kwangu.

Nimekihamisha kiti changu mpaka ukutani. Daftari nimelifunga. Sijui leo walicheza mara ngapi.