Baraza la Mama Linasubiri Saini Yako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, tena umekaa, maana najua husomi kitu ukiwa umesimama. Shemeji hajambo? Miguu yake imeacha kuvimba? Na Mama je, anakula, au bado anasukuma sahani na kusema chakula chako hakina chumvi? Mimi mzima kabisa. Cherehani inafanya kazi, macho yanaona, na yule kuku wako anayechechemea anatawala uwanja mzima kana kwamba nyumba aliachiwa yeye.

Najua uliponiambia kwamba Mama harudi tena kwenye nyumba yenye ngazi, ulidhani mjadala umefungwa. Pole sana, Dada. Baba hakuniita Kichwangumu bure. Mama ameniuliza kwenye simu mara tatu kama kitanda chake bado kiko dirishani, na mara ya tatu alilia. Toka siku hiyo nimefunga kibwebwe. Zile ngazi za mlango wa mbele zitavunjwa, nijenge baraza pana lenye mteremko wa kiti cha magurudumu, Mama aingie na kutoka kwake bila kubebwa kama gunia. Daktari mwenyewe alisema tatizo ni ngazi, siyo nyumba.

Kumbe baraza nalo linataka kibali! Mimi nilidhani ni mchanga, saruji na fundi mwashi basi. Huyo fundi ndiye aliyenikatalia. Alisema hashiki mwiko mpaka aone karatasi yenye mhuri, kwa kuwa mwaka jana aliamriwa kubomoa kibaraza alichokijenga kwa mikono yake, na bado kinamuuma. Basi nikaenda ofisi ya ujenzi. Karani wa dirisha la tatu akanipa fomu na kuniambia nilete ramani yenye vipimo vyote, na baraza liwe mbali na ukuta wa jirani kwa mita moja na nusu, lisisogee hata kidogo.

Ramani nilichora mwenyewe. Usicheke. Kama naweza kumkatia mtu suti kwa kumpima mara moja, nitashindwaje kuchora baraza, kitu kisichopumua wala kunenepa? Nikatandika karatasi ya kukatia nguo, nikapima, nikachora, nikaipeleka kifua mbele. Baada ya wiki ikarudi imepigwa msalaba mwekundu. Karani akanieleza, huku akijikaza asicheke, kwamba baraza langu limezidi karibu nusu mita kila upande na limeingia kwenye nafasi ya jirani. Nilibisha, Dada! Nilibisha mpaka foleni ikaanza kuguna. Nilipofika nyumbani na kupima tena ndipo nikaelewa: mkono ulikuwa umeongeza nafasi ya mshono, kama ninavyoiongeza kwenye kila kitambaa. Kwenye karatasi ni upana wa kidole tu, lakini kule uwanjani ni nusu mita. Miaka ishirini nakata nguo, mkono hauniulizi tena. Nikachora upya, bila mshono, nikairudisha kesho yake nimeinamisha kichwa.

Safari hiyo ramani ikapita. Ikabaki sehemu moja ya fomu, inayouliza kwa nini ngazi za zamani zinavunjwa. Niliandika kwamba zimechakaa. Wakamtuma mkaguzi.

Mkaguzi ni mzee wa taratibu, asiye na haraka na mtu. Alipiga magoti akagonga ngazi moja moja kwa nyundo ndogo. Akasema hizi hazijachakaa, zitatuzika sote, isipokuwa ile ya juu, ambayo inacheza kwa sababu jiwe la chini yake halipo. Akauliza jiwe limekwenda wapi. Nikasema sijui. Akaomba maji ya kunywa, nikamkaribisha ndani, na akiwa ameshika glasi nikamwona anatazama chini ya meza yangu ya kukatia. Akamaliza maji, akashukuru, akaniachia fomu nyingine tupu. Alisema tu kwamba anapenda fomu ijazwe na mtu anayeijua nyumba.

Dada, jiwe lile liko chini ya mguu wa meza yangu. Nililitoa mimi, wiki mbili kabla Mama hajaanguka, kwa kuwa meza ilikuwa inayumba na nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nilijiambia nitalirudisha Jumapili. Jumapili ikapita, na ya pili ikapita. Asubuhi ile ulipokuja kututembelea ukapiga deki mpaka nje, kisha Mama akaanguka pale ngazini, kila mtu alisema ni maji. Wewe mwenyewe ulisema ni maji. Ulilia pale hospitali ukirudia kwamba umemvunja mama yako nyonga, nami nimekushika bega, nikanyamaza. Ulipomchukua Mama kwako nilijua unajiadhibu kwa kosa lisilo lako, nikanyamaza tena. Mwaka mzima na miezi miwili! Naona aibu, Dada. Hata picha yako pale ukutani nimeshindwa kuitazama.

Fomu mpya nimeijaza kama ilivyokuwa: jiwe la ngazi ya juu nililitoa mimi, na mama yetu alianguka hapo. Karani aliisoma mara mbili, akaipokea. Sasa limebaki jambo moja. Baba aliandika nyumba kwa majina yetu sote wawili, kwa hiyo hawatoi kibali bila saini yako, na siku ya mwisho ya kuipokea ni mwisho wa mwezi huu. Karatasi iko humu ndani ya bahasha. Ningeweza kukutumia hiyo peke yake, ukasaini ukidhani ni habari ya mchanga na saruji tu. Nilikuwa nimeshafunga bahasha hivyo, nikaichana. Na kwenye simu nisingeweza. Ningesikia sauti yako nikageuza maneno.

Mama niachie nimwambie mwenyewe, akiwa ameketi mbele yangu. Ukikasirika ukakataa kusaini, una haki. Nitakuja huko kukuomba, na ukinifukuza nitarudi wiki inayofuata, kwa sababu Mama anataka kwake, na mimi ndiye niliyemtoa.

Msalimie sana Shemeji. Mshikie Mama mkono kwa niaba yangu, na umwambie kitanda bado kiko dirishani.

Saini au usisaini, hili lichukue leo hii. Nilipopiga goti kumwinua Mama, niliweka mkono wangu juu ya ile ngazi. Ilikuwa kavu, Dada. Maji yako yalikuwa yameshakauka zamani.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwangumu