Nilivyoiamsha Kengele Ndogo

Dada Bhoke,

Shikamoo, ingawa kwa urefu sasa nimekupita. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na ndama wangu, bado ni wangu au mmeshagawana? Mimi huku Tarime mzima, nanenepa tu. Simu imeingia maji, ndiyo maana nakuandikia. Msomee mama, ila nikikuambia ruka, ruka.

Fundi ametuleta kukarabati kanisa la mawe, la tangu babu hajaota ndevu. Lina mnara, na juu ya mnara kuna kengele mbili. Usinicheke, sisi kwetu Natta tunagonga rimu ya trekta! Fundi anaogopa kimo, kwa hiyo nyufa zote za juu nimeziba mimi. Ile kengele kubwa naweza kujificha ndani yake. Ina maandishi ya lugha gani sijui. Nimeyapapasa, nimeinusa, nikaipigia hodi kwa kidole. Ikaitikia, dada! Inanguruma chinichini mpaka unaisikia kwenye meno.

Mpigaji wake ni mjane, Mama Gati. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini ziko mbili?"

"Kubwa ni ya misa."

"Na ndogo?"

"Ndogo usiiguse."

Alikuwa na hasira zake. Mwenyekiti wa parokia alitaka kengele zishushwe ziuzwe, vifungwe vipaza sauti. Alisema watu wana simu, hakuna anayesikiliza kengele tena. Kikao kilikuwa Jumapili, na Mama Gati alishaacha hata kula.

Hapa ruka. Ijumaa nikamaliza ufa wa mwisho. Furaha ikanipanda, nikashika kamba ya ile ndogo nikaivuta mbiombio, kama tunavyogonga rimu kwenye harusi.

Kumbe huku Tarime ndogo ikipigwa hivyo, maana yake wezi wamechukua ng'ombe!

Nikaona kutoka juu wanaume wanamiminika toka mashambani na pinde na marungu, wengine watatu kwenye pikipiki moja. Mwenyekiti naye mbio, panga mkononi, povu la kunyolea shavu moja.

"Ng'ombe wamepita wapi?" akanipigia kelele.

"Ng'ombe gani?" nikauliza.

"Shuka, wewe mtoto wa Natta!"

"Nishuke niende wapi? Huku juu pazuri!"

Mama Gati akafika anahema. Akawatazama wale watu wote, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Baba, si ulisema hakuna anayesikiliza?"

Mwenyekiti akajifuta povu. Mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote. Jumapili kikao hakikuchukua muda: kengele zinabaki.

Hapa usiruke. Anayepiga ndogo bure analipa mbuzi, na mimi mbuzi sina. Wakaamua nimpigie Mama Gati kengele mpaka Krismasi, maana bega linamuuma. Kwa hiyo mama asinisubiri kwenye mavuno. Najua nimemwachia kazi. Mwambie tu mwanawe akivuta kamba, mapadri wanaamka.

Msalimie bibi, na mjomba wa kule kambi ya watalii, na shemeji mwenye miguu mirefu, asiguse ndama wangu.

Kila alfajiri nikishapiga ile kubwa sishuki. Nasubiri mlio uishe, nataka kujua unaishia wapi. Mama Gati anasema unafika mpaka mto Mara. Natta ni mbele zaidi, lakini kesho mapema, wewe na mama simameni nje kidogo.

Mdogo wako, bwana mnara,
Masero