Beringi za Kibao cha Moraa

Mombasa, Jumapili

Kwako kaka Ondieki,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, ila shingo imejaa vipele vya jasho. Natumaini mama amepona kile kikohozi, na shemeji na watoto hawajambo.

Kaka, wewe ni mkubwa wangu na sijazoea kukuandikia kwa hasira. Leo univumilie.

Barua yako na ule mfuko wa beringi nne nilivipokea kwa Nyamweya, jirani yetu anayeleta majani chai bandarini kwa lori. Uliandika kwamba beringi nilizofunga ziwe magurudumu ya kibao anachokalia Moraa ni takataka za gereji, zimekataa kuzunguka, nitume nyingine upesi. Sikubisha. Najua dada yetu, kwa miguu ile aliyoharibiwa na polio, bila kibao hatoki nyumbani ila abebwe mgongoni, na tangu awe mtu mzima hataki kubebwa na mtu.

Basi nikaziloweka beringi kwenye kikombe cha mafuta ya taa, saa ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza ilitoka kutu. Nikajua mmeziosha kwa maji, ingawa nilikukataza mara mbili. Siku ya pili yalitoka mafuta ya kupikia yaliyoganda na mchanga. Nikasema sawa, pengine nyumbani hakukuwa na mafuta mengine. Msimamizi wetu akanikuta, akauliza nani aliniruhusu kutumia mafuta ya taa ya gereji. Kwa kikombe hicho kimoja nimefagia shimo la kukagulia magari wiki nzima.

Siku ya tatu nilifikia gololi. Zilikuwa zimeshikana kwa gundi nyeusi, na nyuzi za mgomba zimejisokota ndani. Mimi nimezaliwa Magwagwa, kaka. Utomvu wa ndizi naujua, umeniharibia mashati yangu yote ya utotoni.

Nyamweya aliporudi na lori Alhamisi, nilimuuliza. Kwanza alisema yeye si mtu wa kuingilia nyumba za watu. Nikamwonyesha beringi moja, akaigeuza mkononi, kisha akasema polepole: "Kibao nilikiona kikishuka kwenda sokoni na mikungu minne juu yake, Ondieki anakivuta kwa kamba. Moraa nilimwona mlangoni kwenu, amekaa kwenye gunia."

Nilimuuliza ni tangu lini. Akasema tangu kabla ya kupanda mahindi. Tena wateja wa Moraa pale sokoni sasa wanapeleka nguo kwa fundi mwingine, na cherehani yake imefunikwa kitambaa.

Miezi yote hiyo, kaka, kila barua yako imemalizika kwa maneno "Moraa anasema hajambo." Alisema kweli, au uliandika tu?

Beringi tatu zimepona. Ya nne ilikuwa na gololi zilizopasuka, na huwezi kuamini, ni msimamizi yule yule aliyenitafutia nyingine kwenye dinamo iliyokufa, nilipomweleza ni za nani. Nimemwagiza Nyamweya amkabidhi Moraa mwenyewe, mkononi. Ukimsaidia kuzifunga, usiongeze jambo lako. Zikichafuka zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe kabisa kwa kitambaa, kisha zitiwe matone mawili ya mafuta ya cherehani, ambayo Moraa anayo. Maji hapana, na mafuta ya kupikia yabaki jikoni.

Kama mgongo wako umechoka kubeba ndizi, ungeniambia. Mimi ni fundi. Ningekutengenezea mkokoteni hata kesho, na bado nitautengeneza. Lakini kile kibao ulichokuwa ukikivuta ni miguu ya mtu.

Nisalimie mama, na umwambie blanketi lake linakuja na lori hilo hilo. Msalimie shemeji, na mjomba wetu wa Nyacheki akipita hapo, na mzee wa kanisa aliyenifundisha kusoma. Moraa simtumii salamu kupitia kwako. Nimemwandikia barua yake, nimeifunga kwa gundi, na nimemwomba anijibu kwa mwandiko wake mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, bado nakupenda ingawa nimekasirika,

Mokaya