Robota la Baba na Pengo la Shoka

Baba yangu mpendwa,

Kimepatikana! Nakuandikia nikiwa hapa hapa Ngao, kibarazani kwako, nawe umelala pale nyuma ya migomba. Najua barua huzihitaji tena, lakini habari hii ilikuwa yako kabla haijawa ya mtu mwingine, kwa hiyo nisikilize.

Unalikumbuka lile gogo lililoletwa na mafuriko? Ulitia shoka katikati liwe kabari, ukawa unaligonga kisogoni kwa nyundo, nami nimeshika kamba gogo lisibingirike. Kipande cha chuma kikameguka kisogoni mwa shoka, kikaruka. Ukajipapasa paja, ukasema, "Aa, siafu tu." Siafu wa chuma, Baba! Damu ilikuwa kidogo hata Mama akaendelea kusonga sima.

Mguu ulipovimba ukapelekwa hospitali ya mbali, ukapigwa picha. Chuma kilionekana cheupe pee, hata mimi nilikiona. Daktari akapasua, akatafuta, hakukiona. Akapasua tena. Wapi! Ukarudi na makovu mawili na chuma chako ndani, ukichechemea, na kila aliyekuja kukujulia hali ukamwambia, "Picha imekiona, kisu hakikukiona."

Watu wakacheka. Mimi maneno yale yalinikaa, nikayabeba shule hadi shule. Siku hizi najua daktari yule hakuwa mzembe. Picha ulipigwa umelala chali, kisu kikakujia umelala ubavu, na nyama ya paja ikihama, kilichomo nacho huhama.

Basi nilipofika Uingereza nikakuta watu wanalisomea swali lako hadi kupata udaktari! Wana mkono wa chuma unaoshika sindano, na kompyuta inauongoza kwa kufuata picha. Ile siku uliyoningojea kwenye simu ya Garsen, laini inakwaruza, nikakupigia ukelele, "Roboti, Baba! Nasomea roboti!"

"Robota?"

"Ndiyo, roboti!"

"Haya, mwanangu. Soma kwa bidii."

Kufumba na kufumbua, Tarasaa nzima hapo jirani ikajua kwamba binti yako amevuka bahari kwenda kusomea marobota, yale mafurushi ya mitumba. Mama Hadija, yule muuza nguo wa Garsen, akakukamata njiani: "Mzee, ambia huyo msichana asisahau mimi. Mimi nataka robota ya watoto, gredi wani. Makoti asilete, huku joto." Nawe, bila haya, simu iliyofuata ukanifikishia ujumbe wote mpaka lile la makoti! Nilicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo mashine yangu inaitwa Robota, na profesa wangu naye anaiita hivyo kwa ulimi wake mzito.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Barabara ikakatika, homa ikakuchukua, na habari zikanifikia umeshazikwa, chuma bado kimo pajani. Nilikasirika, Baba. Niliukasirikia mto, nikaikasirikia na Robota, maana kila nilipoijaribu ilikosa. Nikamwomba Mama anitumie umbo la pengo la shoka lako. Akakandamiza kipande cha sabuni kwenye kisogo cha shoka, akakifunga vizuri, akakituma. Nikachonga chuma kufuata alama ile, nikakizamisha ndani ya paja la mbuzi. Nilitaka tutafute chako, si kingine.

Profesa aliniambia wazi, "Ikikosa safari hii, utafute swali jingine." Swali jingine nilitoe wapi? Nilikuwa na lako tu.

Nikabandika vidoti juu ya nyama ili kamera ivitazame, nyama ikihama Robota ijue imehamia wapi. Tukapiga picha paja likiwa chali. Kisha nikaligeuza ubavu, kama ulivyolazwa wewe. Mkono ukasogea. Ukasita, nami nikasita kupumua. Ukapinda kidogo, sindano ikazama, halafu nikasikia *tik*. Chuma kwa chuma! Nilipiga kigelegele, Baba, mle maabara, mbele ya watu ambao hupongezana kwa kutikisa kichwa. Profesa nusura amwage chai. Kisha akaomba tuirudie, tukairudia, na Robota ikakipata tena!

Najua, mbuzi si mtu. Kazi ingali ndefu kabla Robota haijaruhusiwa kumgusa mgonjwa, na nina hamu nayo hata usingizi haunikai. Lakini mlango umefunguka.

Leo asubuhi Mama alinitolea shoka. Nikakiweka kile kipande nilichokichonga Uingereza kwenye pengo, kikakaa sawasawa. Mama akakipapasa kwa kidole gumba. Halafu akasema, "Sasa huyo Mama Hadija utamwambia nini? Umerudi bila hata soksi." Tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nimekukosa sana katika kicheko kile.

Shoka nimeliegemeza pale ulipozoea kuliweka. Lala salama, mzee wangu. Picha imekiona, na safari hii mkono nao umekifikia.

Ni mimi binti yako,
msomi wa marobota.