Nikinunua Amplifaya Nyepesi, Mume Wangu Atabaki Nyumbani?

Mpendwa mshauri,

Shikamoo shangazi, naomba msaada wako na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana najua wenzangu wanakuandikia kuhusu waume walevi na mawifi wachokozi, mimi nakuandikia kuhusu amplifaya, na kuhusu mume ambaye nikimtafutia kosa la kumshtakia kwako silioni, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, napiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi na sherehe za maofisini, majirani wameshasahau jina langu wananiita Mama Besi, na mume wangu ni fundi cherehani mwenye kibanda chake karibu na nyumbani, mtu mpole wa maneno machache, muziki hajui kabisa, akiimba bafuni watoto walikuwa wanaongeza sauti ya redio, lakini tangu nianze kupiga shoo mtu anayebeba amplifaya yangu ni yeye. Na si amplifaya ya kubeba hivi hivi, ni lile boksi la zamani, mashine na spika vyote ndani ya mbao nzito kama kabati la nguo, amelipandisha ngazi za kumbi ambazo lifti ni ya wageni tu, amelipitisha majikoni katikati ya masufuria huku wapishi wakimfokea, na akalishonea kava la turubai lenye mfuko wa pembeni wa kuwekea waya, bila mimi kumwomba.

Akishaliweka jukwaani anajifuta jasho na kwenda kusimama nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, ananitazama. Pale ninaposimama mimi siisikii besi kama wanavyoisikia watu, jukwaani inaweza kuwa kelele na kule nyuma isifike, kwa hiyo yeye ananionyesha kwa mkono, kiganja kikipanda naongeza, kikishuka napunguza, na mambo yakikaa sawa anashika kifungo cha shati na kutikisa kichwa. Nilimuuliza kifungo cha nini, akasema, "Besi ikifika vizuri kifungo kinatetemeka hapa kifuani. Vifungo vikiitika, basi, usiguse tena kitu." Shangazi, huyo ndiye mume niliyepewa, namshukuru Mungu kila siku.

Sasa miezi michache iliyopita tulikuwa tunapandisha lile boksi kwenye ukumbi wa ghorofani, yeye chini mimi juu, nikasikia anasema, "Ngoja kidogo," akaliegemeza kwenye ngazi, akalikalia, akacheka, halafu akashindwa kuinuka. Nilichanganyikiwa. Daktari akasema ni mgongo, asibebe tena kitu kizito kuliko ndoo ya maji, na ndoo yenyewe isijae. Shoo iliyofuata wapiga gitaa wenzangu ndio waliobeba, wakilalamika kila ngazi, na yeye alikuja kwenye gari la bendi na mto mgongoni, akasimama pale pale pake karibu na mlango, mlinzi wa ukumbi alipomuuliza yeye ni nani akajibu, "Mimi ndiye mbeba amplifaya," mlinzi akaitazama mikono yake mitupu, wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nilipohadithiwa.

Amplifaya yenyewe nayo imechoka. Siku hizi tunaitwa kupiga nje, viwanjani, na huko nikiifungua kupita nusu inakoroma, watu wanasikia ngoma na kinanda tu, mimi naonekana kama nakuna gitaa. Kiongozi wa bendi, Mungu ambariki, wala hakunigombeza, aliwaita wenzangu wakakubaliana bendi ininunulie mpya yenye nguvu, wakaniambia chagua wewe mwenyewe, wewe ndiye unayeijua besi. Nililia mbele ya wanaume wazima, wakaanza kutafuta vitambaa mifukoni.

Dukani zimebaki mbili zilizonivutia. Moja ni kubwa, boksi moja refu mpaka kifuani lenye magurudumu chini, nilipochomeka gitaa na kuongeza kitufe cha besi vioo vya dirisha viliimba, nikasema ndiyo hii. Ya pili mashine iko peke yake, unaitia kwapani kama mkoba, na ina spika mbili ndogo za kuunganisha, muuzaji anasema nguvu ni zile zile, lakini mpiga solo wetu anasema hicho ni kitu cha watoto kuchezea, chenye nguvu lazima kiwe na uzito wake. Mume wangu nilikuwa naye. Akaiinua ile mashine ndogo kwa mkono mmoja, akaigeuza kama mtu anayekagua mshono, akairudisha mezani. "Hii unabeba mwenyewe," akasema, akatoka nje kunisubiri kwenye jua.

Siku ile ile, akiwa anapiga pasi suruali ya mteja, akasema bila kuniangalia, "Basi sasa mtakuwa mnakwenda wenyewe." Nikamuuliza kwenda wapi, akasema, "Kwenye shoo zenu," akaendelea na pasi. Nikaenda zangu jikoni. Shangazi, watoto wetu wameshaondoka nyumbani, zile safari za shoo ndiyo matembezi yetu, ndimo tunamopiga soga na kununuliana soda, na mimi sijawahi kusimama jukwaani nikatazama mlangoni nisimwone. Kwa hiyo nimepata wazo, na najua ni la kipuuzi, ninunue lile kubwa lenye magurudumu, ngazini wabebe vijana, kwenye sakafu asukume yeye, angalau awe na cha kufanya, aje. Muuzaji ananisubiri. Nifanye nini mie?

Ni mimi,
Mama Besi

JIBU LA SHANGAZI

Mama Besi, marahaba mwanangu.

Nimekucheka, samahani, sikuweza kungoja mwisho. Nilipofika kwenye ile pasi nikanyamaza. Asante kwa kuniandikia, maana barua za nyumba yenye heri huwa hazinifikii, na yako nimeisoma mara ya pili kwa raha yangu tu. Haya, shukrani zimekwisha, sasa kaa chini nikuseme.

Unataka kununua mzigo ili mumeo apate cha kubeba? Mtu mwenye mgongo mbovu? Ungekuwa karibu ningekufinya! Magurudumu, eti. Tangu lini magurudumu yakapanda ngazi? Na mumeo unamjua kuliko mimi: siku vijana watakapochelewa atainama "kidogo tu", nawe utashinda unamkanda. Lile boksi kubwa lifute kichwani leo hii.

Mimi amplifaya sizijui, sitajifanya. Ila mdogo wangu wa kiume anapiga besi miaka nenda rudi, nikamsomea barua yako akiwa mezani kwangu, akaacha chakula kipoe. Kwanza anamsalimia mumeo. Pili anasema huyo mpiga solo wenu apige solo, mambo ya besi awaachie wenyewe. Uzito si nguvu. Amplifaya za zamani zilikuwa nzito kwa sababu ya lile transfoma la chuma ndani na sumaku nene za spika, na siku hizi mafundi wamepata njia ya kuvipunguza vyote viwili bila kuipunguza sauti. Nguvu hupimwa kwa wati, na besi inakula wati kuliko gitaa la solo, mara nyingi zaidi, kwa hiyo usikubali kulinganishwa na mtu wa solo. Kwa ukumbi wa kawaida wenye mpiga dramu wa mikono mizito, wati mia tatu zinakutosha. Kwa nje tafuta mia tano au zaidi, si kwa ajili ya kelele, bali ili mashine isikorome ukiibana. Mashine inayokoroma kila mara inaua spika.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi usipouliza. Ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwenye boksi, mara nyingi huipati yote ukiunganisha spika moja, unaipata ukiunganisha mbili. Mwambie muuzaji akuonyeshe nyuma ya mashine na nyuma ya spika, vile vipimo vinavyoitwa omu, akuhakikishie kwamba spika zote mbili zikiunganishwa mashine inazimudu. Akianza kukuna kichwa, muite bosi wake. Hakikisha pia ina tundu la kupeleka sauti kwenye mitambo ya ukumbi, kwa sababu kwenye uwanja mkubwa hakuna amplifaya ya kubeba kwapani wala ya kubebwa na watu wanne itakayofika nyuma peke yake. Faida nyingine ya spika mbili: kwenye ukumbi mdogo unabeba moja, ya pili unaiacha nyumbani.

Sasa kosa lako, na mdogo wangu alipiga meza kwa kulisikia, maana anasema wapiga besi wote mna ugonjwa huo. Umejaribu amplifaya dukani ukipiga peke yako! Ukaongeza kitufe cha besi mpaka vioo vikaimba, ukaridhika. Mama Besi, shoo utapigia vioo? Sauti inayojaza duka ukiwa peke yako ndiyo ile ile itakayozama ukiingia dramu na kinanda, kwa sababu ile mingurumo ya chini kabisa inamezwa yote. Inayokufanya usikike ni ile sauti ya katikati, ambayo dukani unaiona kavu, haina utamu. Rudi dukani na mpiga dramu wako, hata akipiga kwa viganja juu ya kiti. Usikae karibu na spika. Na usiamue wewe.

Ndiyo, umesikia. Usiamue wewe, kwa sababu wewe mwenyewe umeniambia kwamba unaposimama husikii wanachosikia watu. Wenzako walikuambia uchague kwa vile unaijua besi. Unajua kuipiga, mwanangu. Kuijua ikifika, kuna mtu mmoja tu katika bendi yenu anayejua, na ulimwacha anasubiri kwenye jua.

Na hapo ndipo nilipokasirika kidogo, kwa hiyo vumilia. Mumeo hakusema hataki kuja. Alisema mtakuwa mnakwenda wenyewe, akasubiri umkatalie, na wewe ukaiachia pasi ijibu. Sasa isome tena barua yako kwa macho yangu. Shoo ile baada ya kuumia, nani alibeba amplifaya? Wapiga gitaa. Yeye alibeba nini? Mto. Na alikuja! Alipanda gari mgongo ukimuuma, akasimama pale pale pake karibu na mlango, akakutazama. Hakuja kwa ajili ya boksi siku ile, na huenda hakuwahi kuja kwa ajili ya boksi hata siku moja. Hilo ulikuwa nalo mkononi, umeniandikia kwa kalamu yako, bado unaniuliza mimi.

Ila mlinzi alipomuuliza yeye ni nani, jibu alilokuwa nalo ni lile moja tu la kubeba. Wewe ulicheka. Mimi hapo sikucheka. Umemshukuru miaka yote kwa mgongo wake, naye amekuzoea hivyo, sasa mgongo umekwisha anajiona kama mtu aliyeachishwa kazi. Haya hayarekebishwi na magurudumu, yanarekebishwa kwa mdomo. Kwa hiyo leo, kabla hajawasha pasi, mwambie maneno haya kama yalivyo, usiyapambe: "Kubeba nitabeba mimi. Kusikia siwezi peke yangu. Nakuhitaji pale mlangoni." Akikujibu kwa neno moja, usihofu, umesema ni mtu wa maneno machache.

Kisha nendeni dukani watatu, wewe, yeye na mpiga dramu. Yeye asimame nje, mbali, upande wa pili wa barabara kama magari yanaruhusu. Ninyi pigeni. Jaribu ile nyepesi kwa spika moja, halafu mbili, halafu nyingine yoyote nyepesi atakayokuletea muuzaji. Muuzaji atawashangaa, mwache ashangae. Vifungo vikiitika, lipieni hiyo, mwende nyumbani. Mumeo avishonee na vile vispika kava, vina haki hiyo.

Na siku ya shoo ya kwanza, kiongozi wenu wa bendi, ambaye nami namshukuru sana, atangulie kwa mlinzi amwambie kwamba huyu bwana anayekuja ni sikio la bendi, na yeye asipoingia hatuanzi. Vijana wabebe spika. Mashine uitie kwapani wewe. Utaona ni nyepesi kweli, inakubakishia mkono mmoja mzima. Mshike mumeo kwa huo, mwingie wote.

Shangazi yako