Aliyeleta Ndoo

London, 6 Novemba 1990

Kwako Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Goti linaendeleaje na baridi hii ya Vienna? Makaa yameshafika? Mimi mwili ni mzima; moyo ndio hauna raha.

Ule ufadhili wa utafiti nilioupata, wa kuandika historia ya Wayahudi wa kwetu waliokimbilia huku enzi za Hitler, umeniingiza mahali pagumu. Chuo kilinielekeza kwa Bi Rosl Kornfein, mzaliwa wa mtaa wa Leopoldstadt hapo Vienna kama wewe. Binti yake, Vivien, alinipokea mlangoni mkono kiunoni. Akaniuliza, "Mliwafukuza wazee wetu, leo mnalipwa kuja kuwasikiliza? Nyinyi watu hamna haya?" Nilikuwa nageuka niondoke, bibi mwenyewe akaita kutoka ndani kwa lafudhi ya kwetu kabisa, "Mwache apite, Vivi. Angalau huyu atajua kunywa kahawa."

Kwa majuma kadhaa hakunieleza ila mapishi na porojo za shuleni. Nilipomgusia Machi ya 1938, Hitler alipoitwaa Austria, aliinuka kuchemsha kahawa nyingine. Mkuu wangu chuoni akaanza kunisukuma: bila ushahidi wa bibi yule, ufadhili hautaongezwa. Nikaendelea kwenda, nikikaa pale kama mtu anayengoja hukumu.

Jana alisema bila kuulizwa. Machi ile Wanazi walimpigisha baba yake magoti barabarani asugue mawe kwa burashi, majirani wakicheka. Kicheko, alisema, amekisahau. Asiyemtoka kichwani ni aliyeleta ndoo ya maji: rafiki yake wa dawati moja, Mina, binti wa mwoka mikate, mwenye kovu la moto chini ya kidevu.

Mama, kalamu iliniponyoka. Vivien akaniuliza nina nini. Ningeweza kunyamaza, na kazi yangu ingesalimika. Nikasema, "Mina ni mama yangu."

Vivien aliinuka, akafungua mlango wa nje, akaushikilia wazi. Bi Rosl hakunifukuza wala hakulia. Alinikazia macho, akasema, "Basi muulize. Alitumwa, au alijileta mwenyewe?"

Ufadhili nimeurudisha, siwezi kulipwa kwa jambo hili. Lakini swali nimelibeba, na jibu Bi Rosl analitaka kwa mkono wako, si wangu. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha.

Nisalimie shangazi Trude na majirani wa ngazini. Usitoke bila koti.

Ni mimi bintiyo, nikupendaye bado,
Gerlinde